Imamu Ghazali, msomi aliyefunga hesabu na nafsi yake

Msafara ulikuwa njiani kurudi Tus kutoka Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, pale wanyang'anyi walipouvamia. Walichukua kila walichokikuta kwa wasafiri, kisha wakaondoka. Miongoni mwa walioporwa alikuwamo kijana mwanafunzi ambaye hakuwa na bidhaa yoyote ya kuuza. Alichopoteza yeye ni mkoba wenye karatasi alizoandika masomo ya mwalimu wake.

Kijana huyo hakukubali hasara. Aliwafuata wanyang'anyi mpaka mkuu wao akageuka na kumwonya kwamba akiendelea atauawa. Akamsihi amrudishie karatasi zile tu, kwa kuwa kwao hazina thamani, naye aliiacha nchi yake kwa ajili ya kuzipata. Mkuu wa wanyang'anyi akacheka. Akamuuliza inawezekanaje adai kuwa na elimu, ilhali wao wameichukua mkobani na yeye amebaki hana kitu. Kisha akaamuru arudishiwe mkoba wake.

Waandishi wa wasifu wake husema kisa hiki alikisimulia mwenyewe. Alipofika nyumbani alitumia miaka 3 kuhifadhi kichwani yote yaliyokuwa katika karatasi zile, ili akiporwa tena asibaki mtupu. Lakini swali la yule jambazi ni zito kuliko karatasi. Miaka mingi baadaye, akiwa na cheo ambacho wasomi wenzake walikitamani, kijana huyo alilazimika kujiuliza ni kipi kilichokuwa chake kweli katika vyote alivyokuwa navyo.

Huyo ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye Waswahili humwita Imamu Ghazali. Amefariki zaidi ya miaka 900 iliyopita. Habari zake zinamfaa yeyote, Mwislamu au asiye Mwislamu, aliyewahi kufikia wakati ambapo biashara inakwenda, jina linajulikana, na bado moyo hautulii.

Yatima aliyesoma ili apate kula

Ghazali alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika jimbo la Khorasan, nchi ambayo leo ni Iran. Baba yake, kwa masimulizi yaliyopo, alikuwa mtu maskini aliyesokota sufu na kuiuza dukani kwake. Hakusoma, lakini alipenda kukaa na wanazuoni, na alitamani wanawe wapate kile alichokosa yeye.

Alipoona mauti yanakaribia, aliwakabidhi watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake aliyekuwa Sufi, pamoja na akiba ndogo ya fedha. Masufi ni Waislamu wanaotilia mkazo kusafisha moyo na kumkumbuka Mungu kila wakati. Rafiki huyo aliwasomesha watoto mpaka akiba ikaisha. Naye alikuwa fukara, basi akawaeleza ukweli na kuwashauri waingie madrasa, mahali ambapo mwanafunzi alipewa chakula.

Hivyo ndivyo msomi huyu alivyoingia katika elimu. Alikuja kukiri ukubwani kwamba mwanzo wao haukuwa kwa ajili ya Mungu, ingawa elimu yenyewe ilikataa kubaki hivyo. Maneno hayo yanafaa kukumbukwa, kwa sababu suala la kwa nini mtu anafanya anachofanya ndilo lililokuja kumwangusha.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur, mji mkubwa wa elimu na biashara, akasoma kwa al-Juwayni, mwanazuoni mkuu wa sheria na itikadi wa zama zile. Mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085, Ghazali alikwenda kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kituruki wa ukoo wa Seljuk, ambao dola yao ilitanda kutoka Asia ya Kati mpaka Shamu. Mbele ya waziri wanazuoni walishindana kwa hoja, na Ghazali alikuwa hodari wa mashindano hayo.

Mavazi na mnyama wa dinari 500

Nizam al-Mulk alijenga madrasa katika miji mikubwa ya dola, na zote zikaitwa kwa jina lake, Nizamiyya. Iliyokuwa na sifa kuliko zote ni ya Baghdad, makao ya khalifa. Mwaka 1091 waziri alimteua Ghazali kuwa mwalimu wake mkuu. Alikuwa na miaka kama 33 tu.

Inasimuliwa kwamba siku alipoingia Baghdad, watu walikadiria mavazi yake na mnyama aliyempanda kuwa na thamani ya dinari 500 za dhahabu. Darasani walikaa mbele yake wanafunzi 300. Alitoa hukumu za sheria, aliandika vitabu, na wakubwa wa mji walimwomba ushauri.

Kisha dola ikaanza kuyumba. Oktoba 1092, Nizam al-Mulk alichomwa kisu na kufa akiwa safarini kutoka Isfahan kwenda Baghdad. Mwezi uliofuata Sultani Malik-Shah naye akafa. Wanawe wakagombewa na pande mbili, na mmoja wao alikuwa bado mtoto mdogo. Majeshi ya wagombea yakawa yanapita katika njia zile zile zilizopitiwa na misafara ya biashara. Mwaka 1094 khalifa wa Baghdad alifariki. Mwaka huo huo akafariki pia khalifa wa Kifatimi wa Kairo, na wafuasi wake wakagawanyika kuhusu nani amrithi. Katika muda wa miaka miwili, karibu kila jina kubwa lililotajwa katika hotuba za Ijumaa lilikuwa limebadilika.

Kwa Ghazali, kifo cha Nizam al-Mulk kilikuwa cha mtu aliyemwinua. Alibaki na cheo chake, akahudhuria kiapo cha utii kwa khalifa mpya, al-Mustazhir, na akaandika kitabu kwa agizo lake. Kwa nje hapakuwa na dalili ya tatizo.

Kila mmoja aliuza ukweli wake

Mvurugiko haukuwa wa kisiasa pekee. Katika kitabu alichoandika karibu na mwisho wa maisha yake, ambamo anaeleza safari yake ya ndani, Ghazali anasema kwamba tangu ujana alikuwa na kiu ya kujua mambo kwa uhakika. Aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Wayahudi wakikua Wayahudi, na wa Waislamu wakikua Waislamu. Akajiuliza ni kiasi gani cha anachokiamini mtu amekipima mwenyewe, na ni kiasi gani amekirithi tu kama anavyorithi nyumba.

Akaanza kupima. Macho humwambia mtu kwamba kivuli kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Macho hayo hayo huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu ya dinari, ilhali hesabu za wanajimu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa macho yanadanganya, akili nayo itaaminiwa kwa dhamana gani? Anayeota ndoto huamini anachokiona mpaka anapoamka. Kwa karibu miezi miwili Ghazali hakuwa na uhakika wa jambo lolote, na hakumwambia mtu. Alipopona, hakusema kwamba hoja ndiyo iliyomponya. Alisema ni nuru ambayo Mungu aliitia moyoni mwake.

Baada ya hapo alichunguza makundi manne yaliyodai kuwa na njia ya ukweli. Kulikuwa na wanatheolojia walioitetea dini kwa hoja. Kulikuwa na waliofundisha kwamba ukweli hupatikana kwa imamu aliyeteuliwa pekee. Kulikuwa na wanafalsafa, warithi wa Wagiriki, na kulikuwa na Masufi.

Wanafalsafa aliwasoma peke yake, katika saa alizozipata baina ya kufundisha na kuandika, kwa karibu miaka miwili, kisha akatumia takriban mwaka mwingine kuyatafakari aliyoyasoma. Aliona kwamba hapaswi kumpinga mtu ambaye hajamwelewa. Aliandika kwanza kitabu cha kueleza madai yao, halafu kitabu maarufu cha kuyapinga. Hata hivyo alionya dhidi ya kukataa neno la kweli kwa sababu tu limetoka kwa mtu usiyempenda. Alitoa mfano wa mbadilisha fedha: aliye stadi hutia mkono katika mfuko wa mtengeneza sarafu bandia na kutoa dhahabu safi bila wasiwasi, maana anajua kuitambua. Anayepaswa kukatazwa asiuguse mfuko huo ni yule asiyejua.

Vitabu vya Masufi pia alivisoma, akavielewa upesi. Hapo ndipo alipokwama. Aligundua kwamba jambo kuu kwao halipatikani kwa kusoma. Mtu anaweza kujua maana ya afya na sababu zake zote na bado akawa mgonjwa, kama tabibu anayeugua. Yeye alikuwa tabibu huyo.

Ulimi ulipogoma

Mwaka 1095 Ghazali alikaa na kuangalia maisha yake kama mtu anayefungua daftari la duka aliloliacha mikononi mwa wengine kwa muda mrefu. Kazi yake bora ilikuwa kufundisha. Alipoichunguza nia yake katika kazi hiyo, aliona kwamba haikuwa safi. Iliyomsukuma ilikuwa tamaa ya cheo na kuenea kwa jina. Alijiona amesimama ukingoni mwa gema linalomomonyoka.

Kwa karibu miezi 6, kuanzia Julai mwaka huo, alivutwa huku na huku. Asubuhi aliazimia kuondoka Baghdad, jioni azma ikavunjika. Alitanguliza mguu mmoja na kuurudisha nyuma mwingine. Upande mmoja ulimkumbusha kwamba umri umebaki mfupi na safari ni ndefu. Upande mwingine ulimnong'oneza kwamba hali hiyo itapita, na kwamba akiacha cheo kile, kilichotulia na kisicho na mgomvi, huenda akakitamani tena asikipate.

Mwisho mwili wenyewe uliamua. Ulimi ulifungika. Alikuwa akijilazimisha kufundisha siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi wake, lakini neno halikutoka. Huzuni iliyofuata ilimzuia kula na kunywa, hata tonge halikushuka, na nguvu zikamwisha. Matabibu walikata tamaa. Walisema chanzo kiko moyoni, na hakuna dawa mpaka moyo wenyewe upumzike.

Mwishoni mwa mwaka 1095 aliondoka. Alitangaza kwamba anakwenda Makka kuhiji, huku akiwa ameamua kwenda Shamu, kwa kuhofia khalifa na marafiki wasimzuie. Aligawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake. Nafasi yake ya kufundisha ilishikwa na mdogo wake, Ahmad.

Watu walibabaika. Walioishi mbali na Iraki walidhani ameondoka kwa kuwaogopa watawala. Waliokuwa karibu na watawala waliona jinsi alivyokuwa akibembelezwa abaki, nao wakasema ni jicho baya lililowapata Waislamu. Kwamba mtu anaweza kuacha nafasi kama ile kwa sababu za dini halikuwaingia akilini, kwa kuwa waliamini nafasi ile ndiyo kilele cha dini.

Mnarani, Yerusalemu na Hebron

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alipanda mnara wa msikiti mkuu, akajifungia mlango, akakaa humo mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuishughulisha nafsi: kupunguza maneno, kupambana na matamanio, kumkumbuka Mungu. Kutoka hapo alikwenda Yerusalemu, akawa anaingia kila siku katika Kuba ya Mwamba na kujifungia humo. Miaka michache baadaye, mwaka 1099, mji huo ulitekwa na wapiganaji wa Msalaba kutoka Ulaya.

Hebron, kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu, aliweka nadhiri tatu: hatamwendea mtawala yeyote, hatapokea fedha ya mtawala, na hataingia tena katika mashindano ya hoja. Nadhiri hizo zilikata mizizi yote mitatu ya maisha yake ya zamani, maana cheo alikipata kwa watawala, mshahara ulitoka kwao, na jina lilitokana na mashindano. Kisha akaenda Hijazi, akahiji na kuzuru Madina.

Hakugeuka malaika. Anakiri kwamba mawazo ya kazi na wito wa watoto wake vilimvuta kurudi nyumbani, ingawa awali alikuwa mtu wa mwisho kufikiria kurudi. Nyumbani, mahitaji ya familia na shida za maisha ziliuchafua utulivu wake, na ile hali aliyoitafuta aliipata kwa vipindi tu. Hata hivyo hakuacha kuitafuta. Kipindi chote hicho kilichukua miaka 11.

Mkataba wa asubuhi, hesabu ya jioni

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, yaani kuhuisha elimu za dini, kazi yenye vitabu 40 vilivyogawanywa katika mafungu manne: ibada, mienendo ya maisha ya kila siku, mambo yanayoangamiza, na mambo yanayookoa. Mfanyabiashara anayekisoma hushangaa kukuta lugha ya soko karibu kila mahali.

Kitabu cha 38 kinahusu namna ya mtu kujisimamia. Ghazali anasema akili ni kama tajiri anayempa mshirika wake mtaji akafanye biashara, na mshirika huyo ni nafsi. Tajiri mwenye busara kwanza huweka masharti. Pili, humwangalia mshirika anavyofanya kazi. Tatu, hukaa naye chini kufanya hesabu. Nne, akikuta udanganyifu, humwadhibu na kumdai fidia. Mtu naye afanye hivyo na nafsi yake kila siku. Asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri, akae nayo kidogo na kuikumbusha kwamba mtaji ni umri, na kila pumzi inayotoka hairudi. Jioni afunge hesabu: mambo ya faradhi ndiyo mtaji, mema ya ziada ndiyo faida, dhambi ndiyo hasara, na msimu wa biashara hiyo ni siku nzima.

Kilichomshangaza Ghazali ni kwamba watu humbana mshirika wa biashara mpaka punje ya mwisho, ilhali hasara ya duniani hupita. Nafsi, ambayo hasara yake inadumu, huachwa mwaka mzima bila kuulizwa.

Kwa wasiojua Kiarabu aliandika kitabu kingine kwa Kiajemi, Kimiya-yi Saadat, na humo akaanza na suala la kujijua. Anamfananisha binadamu na ufalme. Moyo ni mfalme, akili ni waziri, viungo vya mwili ni mafundi. Hasira ni mkuu wa polisi, na matamanio ni mtoza ushuru. Mtoza ushuru huyu ni mwongo, anataka kukusanya kila kilichomo nchini kwa kisingizio cha ushuru, na daima hupingana na waziri. Polisi naye ni mkali, hupenda kuvunja na kuua. Ghazali hashauri kuwafukuza, kwa kuwa ufalme hauendeshwi bila ushuru wala ulinzi. Mfalme amsikilize waziri, amtumie polisi kumzuia mtoza ushuru asivuke mpaka, na polisi mwenyewe awekwe chini ya amri. Nchi huharibika pale mfalme na waziri wanapogeuzwa watumishi wa hao wawili.

Katika kitabu hicho hicho mwili ni mnyama wa safari. Msafiri anayekwenda kuhiji hana budi kumlisha na kumtunza ngamia wake, bila yeye hafiki. Lakini akishinda siku nzima akimlisha na kumpamba, msafara utamwacha jangwani.

Hakuwaambia wafunge maduka

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba mtu aliyetupa cheo atawaita wengine wote watupe mizani. Hakufanya hivyo. Kitabu cha 13 cha Ihya kinahusu kutafuta riziki, na ndani yake anaeleza kwamba kazi za mikono na biashara ni wajibu wa jamii nzima: zikiachwa, maisha yatasimama na watu wataangamia. Anachotaka ni mfanyabiashara aingie sokoni akiwa na nia njema, ya kujitosheleza bila kuombaomba, kulea familia na kuwafaa wenzake.

Humo anagusa mambo yanayojulikana katika kila soko la mpakani. Analaani kuficha chakula ghalani kungojea bei ipande. Anakataza kusifia bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, kuficha kasoro, na kuchezea vipimo. Anakataza kumficha mtu bei iliyopo, na hapo anataja desturi ya kuwawahi wenye mizigo njiani kabla hawajaingia mjini na kujua soko likoje. Anayepata fedha bandia anatakiwa aitupe kisimani, hata kama naye aliipokea bila kujua. Ananukuu maoni ya waliomtangulia kwamba kutumia sarafu moja bandia ni kubaya kuliko kuiba sarafu 100, kwa kuwa wizi huisha siku ile, lakini sarafu mbaya huendelea kupita mikono ya watu hata baada ya aliyeianzisha kuzikwa.

Anasimulia pia habari za Yunus bin Ubayd, muuza nguo wa Basra wa zamani. Dukani kwake kulikuwa na nguo za dirhamu 400 na nyingine za 200. Siku moja alikwenda kuswali akamwachia duka mpwa wake. Bedui mmoja akaja, akauziwa nguo ya 200 kwa 400, akaondoka ameridhika kabisa. Yunus alikutana naye njiani, akaitambua nguo, akamrudisha dukani na kumpa zile 200 zilizozidi. Mnunuzi alipinga kwamba kwao nguo ile ni ghali zaidi ya hapo, na kwamba yeye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimgombeza mpwa wake kwa kumchukulia mtu faida sawa na bei yote ya mtaji.

Kurudi darasani

Mwaka 1106, Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk aliyekuwa waziri kule Khorasan, alimtaka Ghazali arudi kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur. Alikubali. Wapo waliohoji itakuwaje mtu aliyeapa kujitenga na watawala aitikie wito wa waziri. Yeye mwenyewe hakulikwepa jambo hilo. Alieleza kwamba kurudi kwake si kurudi kule alikotoka. Mwanzo alifundisha elimu inayoleta cheo, na sasa anafundisha elimu inayomfanya mtu aache cheo, na Mungu ndiye anayeijua nia yake. Mwaka huo huo Fakhr al-Mulk naye akauawa.

Mahasimu hawakumwacha. Walimshitaki kwa Sanjar, mtawala wa Khorasan, kwa ajili ya maandishi yake. Ghazali alijitetea, akaomba aachiliwe asilazimishwe kufundisha, na akatumia fursa hiyo kuwaombea nafuu watu wa Tus waliokuwa wameelemewa na shida. Mbali kule Andalusia, mwaka 1109, nakala za Ihya zilichomwa moto mjini Cordoba kwa idhini ya watawala, baada ya wanasheria kukasirishwa na namna kitabu kilivyowasema wasomi wanaoitumia dini kutafutia maslahi. Wengine walikosoa, kwa haki, baadhi ya hadithi dhaifu alizozitumia.

Siku zake za mwisho alizimaliza Tus, ambako kando ya nyumba yake palikuwa na madrasa ya wanafunzi na mahali pa Masufi. Aligawa muda wake baina yao. Waliomwona baada ya badiliko lake walikadiria mavazi yake kuwa ya kirati 15, yaani chini ya dinari moja.

Alifariki Desemba 18, 1111, akiwa na miaka 53. Mdogo wake Ahmad alisimulia kwamba asubuhi ya Jumatatu hiyo Ghazali alitawadha na kuswali, akaomba sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, akajinyoosha kuelekea kibla na kufa. Waandishi wa wasifu wanasema aliacha mabinti pekee.

Vitabu vyake viliendelea kusafiri. Kile alichowaeleza wanafalsafa kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomwa na wasomi wa Kikristo wa Ulaya. Ihya ilishika mizizi Hadhramaut, hasa miongoni mwa masharifu wa Ba'Alawi, na kwa njia ya wanazuoni na wafanyabiashara waliovuka bahari ikafika Comoro, Lamu, Mombasa na Zanzibar. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh aliyetokea Comoro, uko katika mkondo huo.

Ghazali hakungoja nchi itulie ndipo ajitafute. Watawala waliendelea kupigania viti mpaka anakufa, na njia za misafara hazikuwa salama kuliko siku ile alipoporwa. Alichokibadilisha ni kile kilichokuwa ndani ya uwezo wake, na alikifanya kwa kazi ambayo kila mwenye duka anaijua: kufungua daftari jioni, kusoma kilichoandikwa humo bila kujidanganya, na kukubali deni pale lilipo.